Maji Yako Haya, Injinia: Siku Kumi Bangkok, Seoul na Tokyo

Kabla ya safari

Mwaka juzi nilichora mtaro. Mita mia nne na kidogo, zege safi, mteremko wa kutosha, kwenye mtaa mmoja wa bondeni Dar es Salaam ambao kila masika ulikuwa unageuka bwawa. Mvua ya kwanza ilipopiga, watu wa juu walinipigia simu kunishukuru. Mvua ya pili nikapigiwa na mtu wa chini.

Ni mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga. Maji yaliyokuwa yakilala siku tatu kwa wenzake wa juu, sasa yalikuwa yanamfikia yeye ndani ya dakika ishirini, yote kwa mpigo, na mchanga na chupa za plastiki juu yake. Nilimkuta anakung'uta godoro. Nikamwamkia, akaitikia marahaba yake vizuri tu, kisha akanionyesha ukutani mahali tope lilipofika.

"Maji yako haya, Injinia. Umeniletea mimi. Na mimi nimpelekee nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Namba yangu alishaichukua, na tangu siku hiyo kila wingu likikaa vibaya ananipigia. Mwaka huu nilipopokea mchezo wa ofisini, wenzangu walidhani nitanunua kiwanja. Nikakata tiketi. Nilitaka kuona miji iliyobanana kuliko wetu, yenye mvua kuliko yetu, inampelekea nani.

Siku ya 1. Jumanne, 7 Oktoba 2025, Bangkok

Usiku kucha angani kupitia Addis Ababa. Shemeji kanipokea. Ana miaka tisa huku, anauza tanzanaiti na mawe mengine, ofisi yake iko pande za Silom, ambako wauza vito kutoka Arusha mpaka Madagaska wanajuana kwa majina. Dada kapika wali wa nazi. Nazi huku si tatizo.

Saa kumi na moja jioni ikanyesha. Wanakoishi ni soi, yaani uchochoro unaochepuka kutoka barabara kubwa na mara nyingi hautokei popote. Nikasimama kibarazani na saa mkononi. Dakika kumi na saba mifuniko ya chemba ilikuwa imeacha kumeza maji ikaanza kuyatapika. Dakika ishirini na tano yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Hakuna aliyepiga kelele. Bodaboda wenye vizibao vya rangi ya chungwa waliendelea kupakia, abiria wamekunja suruali na viatu wameshika mkononi.

"Shemeji, sasa haya yanakwenda wapi?"

"Hayaendi, shemeji. Yanasubiri pampu."

Mji umekaa kama mita moja na nusu tu juu ya usawa wa bahari, juu ya udongo laini wa mdomo wa mto, na udongo wenyewe unadidimia kila mwaka. Zamani ulikuwa mji wa mifereji, khlong kwa lugha yao, watu wakienda sokoni kwa mtumbwi. Mingi ikafukiwa kupata barabara. Mwaka 2011 mafuriko yaliyoshuka kutoka kaskazini yaliua watu zaidi ya 800 nchini Thailand, na Benki ya Dunia ilikadiria hasara ya dola bilioni 46.5. Dada hakuwapo mwaka huo, lakini mwenye nyumba wake alimwonyesha alama kwenye nguzo ya ngazi. Kila mahali kuna mtu mwenye alama yake ukutani.

Siku ya 2. Jumatano, Bangkok

Dada kaniambia niende kwa boti. Khlong Saen Saep ulianza kuchimbwa mwaka 1837, enzi za mfalme Rama wa Tatu, ili kupitisha askari na chakula chao kuelekea vitani mashariki. Leo unapitisha wafanyakazi wa benki na wanafunzi. Boti ni ndefu, nyembamba, injini inanguruma kama lori la mchanga, na haina muda wa kufunga kamba vizuri: inagusa gati, watu wanaruka kutoka, wengine wanaruka kuingia, imeondoka. Kondakta amevaa helmeti na anatembea ukingoni kwa nje, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine unakata tiketi.

Nilikaa pembeni bila kujua kwamba anayekaa pembeni ana kazi. Tukipishana na boti nyingine linakuja wimbi, na wa pembeni anatakiwa avute kamba ili turubai lipande na kuziba. Mara ya kwanza sikuvuta. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alipata ya usoni, na maji yale si ya kunawia: meusi, yana harufu ya mtaro wowote wa mjini kwetu. Mara ya pili nilivuta kama napandisha bendera siku ya uhuru. Akanipigapiga begani.

Nilishuka gati la Hua Chang, nikatembea nusu saa hivi hadi bustani ya miaka mia ya Chuo Kikuu cha Chulalongkorn. Chuo kilianzishwa 1917, bustani ikafunguliwa 2017. Ni ekari 11 katikati ya mji, kwenye kiwanja ambacho kwa bei za eneo lile mtu yeyote angesimamisha ghorofa arobaini. Aliyeichora ni Kotchakorn Voraakhom, mama wa Kibangkok, na alichokifanya ni kuiinamisha. Bustani nzima ni kama ubao uliowekwa tofali upande mmoja. Niliweka simu kwenye nyasi, nikafungua programu ya pimamaji: digrii tatu, ikicheza kidogo. Nilitabasamu peke yangu kama mwehu.

Upande wa juu kuna jengo lenye paa la udongo na majani. Mvua ikinyesha, paa linakunywa kwanza. Yanayobaki yanateremka pande zote mbili kupitia vidimbwi vyenye matete, ngazi kwa ngazi, kila ngazi inayapunguza kasi na kuyachuja. Chini kabisa kuna bwawa. Vyote kwa pamoja vinaweza kushika karibu lita milioni 3.8, na mvua ikizidi, bwawa linaruhusiwa kupanda juu ya uwanja wa nyasi. Pembeni mwa maji wamefunga baiskeli zisizokwenda popote; ukikanyaga pedeli, unavuruga maji yapate hewa yasioze. Nilikanyaga dakika tano. Mtoto mmoja wa shule alikuja kunitazama, akapanda ya pili, akanishinda.

Nilikaa hapo mpaka mchana nikikokotoa. Mimi nilisomeshwa kuyakimbiza maji. Somo zima la mifereji ni kasi: yatoke haraka, yasituame, zege liwe laini yasisuguane na kitu. Huyu mama kafanya kila kitu kuyachelewesha. Na tukiacha uchoraji, kuna uamuzi mgumu uliotangulia karatasi yoyote: mwenye ardhi alikubali ekari 11 zisilete kodi ya pango.

Usiku ikanyesha tena. Soi ya dada ikajaa vilevile. Bustani ya ekari 11 inaokoa mtaa wake, basi. Mji una watu mamilioni.

Siku ya 3. Alhamisi, Bangkok

Benjakitti ni habari nyingine kwa ukubwa. Palikuwa na kiwanda cha sigara cha serikali. Kikahamishwa, na ukaongezwa msitu wa ekari 100 hivi pembeni mwa ziwa la bustani ya zamani, ukafunguliwa wote mwaka 2022. Njia waliyoichagua ingefanya kazi hata kwetu kwa koleo na subira: chimba hapa, lundika hapo hapo. Hakuna lori la kubeba kifusi. Shimo linakuwa bwawa, lundo linakuwa kiduta, juu ya kiduta unapanda miti. Viduta ni vingi mno, kama matuta ya viazi vitamu yaliyopandwa na jitu. Kiangazi mizizi inakunywa kutoka bwawani; masika maji yanapanda na shina linabaki juu. Maji machafu ya mfereji wa jirani, Phai Singto, yanaingizwa upande mmoja na kupitishwa polepole kwenye magugu hadi yasafike.

Juu ya yote imepita njia ya kutembea iliyoinuliwa kwa nguzo. Nilimwona kenge mkubwa akikatiza bwawa bila wasiwasi, ghorofa za kioo nyuma yake. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Hapa kenge ndiye mwenye mji.

Kwenye ngazi nilimkuta kijana anachora kwa penseli, mwanafunzi wa usanifu. Nikamuuliza kama anamjua aliyebuni. Akaweka penseli chini. Kongjian Yu, Mchina, alifanya kazi hii pamoja na wasanifu wa Thailand. Amefariki tarehe 23 Septemba, wiki mbili tu zilizopita, ndege ndogo imeanguka Brazili. Walikuwa wanapiga picha za filamu Pantanal, mojawapo ya ardhi oevu kubwa kuliko zote duniani. Sikuwa nimesikia. Kijana akaendelea kuchora, nami nikakaa ngazi mbili chini yake muda mrefu.

Yu ndiye aliyesambaza wazo la mji-sponji: mji unywe mvua badala ya kuitema. China ikalifanya mpango wa taifa, miji ya majaribio ikaanza 2015. Nilitaka kuandika hapa kwamba jibu limepatikana. Lakini nakumbuka Zhengzhou. Mji huo ulishatumia fedha nyingi kwenye miradi ya sponji, na tarehe 20 Julai 2021 zikanyesha milimita 201.9 kwa saa moja. Watu walikufa wakiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi. Sponji nayo ina mahali inajaa.

Siku ya 4. Ijumaa

Kufua, kufunga mizigo, kumnunulia mama maembe yaliyokaushwa. Ndege ya usiku.

Siku ya 5. Jumamosi, 11 Oktoba, Seoul

Baridi ya asubuhi imenikamata na kitenge changu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma shahada ya pili hapa. Alinionya njiani: "Dada, usije ukashangaa chumba."

Nilishangaa. Anaishi banjiha, nusu ndani ya ardhi. Unashuka ngazi sita kutoka barabarani. Dirisha la chumba liko juu ya kichwa ukiwa ndani, na kwa nje liko usawa wa lami. Unachokiona ni viatu. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1970 ililazimisha majengo kuwa na vyumba vya chini vya kujihifadhi, maana walihofia vita na Kaskazini. Baadaye mji ukajaa, pango likapanda, mahandaki yakapangishwa. Seoul peke yake ilikuwa na kaya kama 200,000 zinazoishi hivi.

Pembeni mwa kitanda kimesimama kibao cha alumini chenye mpira kando. Nikadhani ni meza ya kukunja. Ni cha kuzuia maji: unakipachika kwenye reli zilizofungwa chini ya dirisha. Tarehe 8 Agosti 2022 wilaya ya Dongjak ilipata milimita 141.5 kwa saa moja, na wilaya jirani ya Gwanak watu watatu wa familia moja, mmoja wao binti wa miaka 13, walifia ndani ya chumba cha aina hii. Mlango ulisukumwa na maji kwa nje usifunguke. Baada ya hapo serikali ya jiji ikatangaza itaviondoa vyumba hivi kidogo kidogo. Mdogo wangu anasema yeye hawezi kuondoka, pango la ghorofa ya pili ni karibu mara mbili.

"Kibao hiki umekijaribu?"

"Nimejaribu kukipachika, dada. Maji bado."

Nikakipachika na kukichomoa mara tatu. Sekunde arobaini, hamsini. Nililala nikisikiliza viatu.

Siku ya 6. Jumapili, Seoul

Leo ndiyo siku niliyoingojea tangu chuo: Cheonggyecheon. Kwenye vitabu vyetu ilikuwa picha mbili ndogo, kabla na baada.

Kabla: kijito kilichopita katikati ya mji, na baada ya vita ya Korea kando yake pakajaa vibanda vya mbao vilivyosimama kwa miguu juu ya maji machafu. Mwaka 1958 wakaanza kukifunika kwa zege. Juu ya zege wakajenga barabara, na juu ya barabara wakajenga barabara nyingine ya juu. Ilipofika mwaka 2002 eneo hilo lilipitisha magari kama 168,000 kwa siku na nguzo zilikuwa zinaoza. Lee Myung-bak akashinda umeya kwa ahadi ya kubomoa vyote. Kazi ilianza Julai 2003. Tarehe 1 Oktoba 2005 watu walishuka kutembea kando ya maji, kilomita 5.8. Mwezi huu kimetimiza miaka ishirini.

Nilikitembea chote, kutoka uwanjani katikati ya maofisi hadi kinakopanuka na kuota matete halisi. Unashuka ngazi na mji unanyamaza. Watu wazima wamevua soksi, miguu majini. Kuna mawe ya kuvukia, na kwenye jiwe la katikati watu wanapishana kwa kuinamiana, nami nikaishia kuinama kama wao. Wapimaji waliwahi kukuta hewa kandokando ya kijito ina nafuu ya nyuzi 3.3 hadi 5.9 kulinganisha na barabara ya karibu. Kuhusu magari, wengi walitabiri mji utakwama. Haukukwama, kwa sababu Julai 2004, kabla ufunguzi haujafika, walishapangua mfumo mzima wa mabasi na kuyapa njia zake katikati ya barabara. Mtu wa Dar anaelewa haraka: mwendokasi kwanza, bomoabomoa baadaye. Mpangilio huo ndio watu husahau kuusimulia wanapoonyesha zile picha mbili.

Mdogo wangu alinitazama nikipiga picha mpaka akachoka. "Dada, unajua huu si mto? Ni bomba lililovalishwa nguo za mto."

Ana haki. Kijito chenyewe kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kikavu, kwa hiyo maji yanasukumwa kwa pampu, mengi kutoka mto Han, tani kama 120,000 kila siku, umeme juu. Wanamazingira wa hukohuko Korea walilisema hilo tangu mwanzo. Mimi kwa jicho la kazi yangu nilitazama zaidi kuta. Bonde limechimbwa liweze kubeba mafuriko makubwa ya kutokea mara moja katika miaka 200, na chini ya njia ya watembea kwa miguu kuna midomo ya makaravati yenye milango ya chuma. Mvua ikianza, vipaza sauti vinatangaza, watu wanapandishwa juu, mageti yanafungwa. Wakati wa jua ni bustani, wakati wa mvua ni mtaro. Jioni tulifika zilipobaki nguzo tatu za ile barabara ya juu, wameziacha makusudi, nondo zimetokeza. Nilizigusa.

Saa tatu usiku sauti ya mama wa mihogo kwenye simu: "Injinia, vuli inachungulia huku. Uko wapi?" Nikamjibu niko Korea naangalia mtaro. Kimya kidogo, halafu ujumbe wa pili, anacheka mpaka anakohoa.

Siku ya 7. Jumatatu, Seoul

Niliuliza walikokwenda wamachinga wa Cheonggyecheon. Wengi walihamishiwa kwanza uwanja wa zamani wa michezo wa Dongdaemun. Kisha uwanja nao ukabomolewa kupisha jengo lililochorwa na msanifu Zaha Hadid, lile lenye umbo la samaki wa fedha lililofunguliwa 2014, wakahamishwa tena, wakapewa soko Sinseol-dong mwaka 2008. Nimezunguka humo asubuhi nzima. Redio, buti za jeshi, saa zisizotembea, mzee anayetengeneza miwani. Pamepangika, pana vyoo safi. Wateja walikuwa wachache kuliko wauzaji.

Kwenye zile picha mbili za kitabuni hawapo, si kabla wala baada.

Siku ya 8. Jumanne

Safari ya Narita. Kwenye treni ya kwenda mjini nililala mdomo wazi na hakuna aliyenijali.

Siku ya 9. Jumatano, 15 Oktoba, Kasukabe, kaskazini mwa Tokyo

Treni tatu, kisha teksi hadi kwenye uwanja wa mpira wa watoto katikati ya mashamba. Pembeni ya uwanja kuna kibanda chenye mlango wa chuma. Nimemlipa mkalimani nusu siku maana maelezo yote ni ya Kijapani. Wakatuhesabu, wakatukataza kukimbia, wakafungua.

Ngazi zaidi ya mia moja. Baridi inakupokea kwanza, halafu harufu ya tope, halafu macho yanazoea. Ukumbi wa mita 177 kwa 78, dari mita 18 juu, nguzo 59 zimesimama kwa safu kwenye nusu-giza. Wenyewe wanauita hekalu la chini ya ardhi. Nimefanya kazi na zege maisha yangu yote na sijawahi kusimama ndani ya zege lililonifanya nivue kofia.

Ukumbi huu ni sehemu ya mwisho tu ya mnyama mzima. Kilomita 6.3 za handaki, mita 50 chini ya ardhi, zinaunganisha visima vitano vikubwa, kila kimoja kina kina cha mita 70 hivi. Mito midogo ya eneo hili ikifurika, inamwagikia visimani, inapita handakini, inafika ukumbini humu ili itulie, kisha pampu zinazoendeshwa na injini zilizotokana na injini za ndege zinasukuma hadi mita za ujazo 200 kwa sekunde kwenda mto Edogawa. Walijenga kuanzia 1993 hadi 2006, yeni bilioni 230. Kwa wastani linafanya kazi mara saba hivi kwa mwaka.

Nilimuuliza mwongozaji, kupitia mkalimani, kwa nini nguzo zina uzito wa tani 500 kila moja wakati dari haina mzigo wa maana, juu ni nyasi na goli. Alifurahi kuulizwa. Akaonyesha sakafu. Maji ya ardhini yanasukuma kutoka chini. Ukumbi ukiwa mtupu unataka kuelea kama boti. Nguzo hazikuwekwa kubeba dari tu, zimewekwa kuukalisha ukumbi chini. Niliandika hilo kwenye daftari kwa herufi kubwa, na chini yake nikaandika jambo la pili, ambalo lilinichoma zaidi.

Kwamba hata hapa, kwa fedha zote hizi, wanachokifanya ni kumpelekea mwingine. Edogawa ndiye "mama wa mihogo" wa Kasukabe. Ila kabla ya kumpelekea walimpima: anabeba kiasi gani, amebakiza nafasi gani, saa ngapi. Mimi nilipochora mtaro wangu nilipima mita mia nne nilizolipwa kupima. Mita ya mia nne na moja sikuitazama. Mkandarasi hakuuliza, mwenye mradi hakuuliza, na mimi niliyesomea nilijua kwamba pale kuna swali nikanyamaza kwa kuwa lilikuwa nje ya mkataba.

Kwenye treni ya kurudi sikuzungumza na mkalimani, masikini akadhani amekosea kutafsiri.

Siku ya 10. Alhamisi, Sumida, Tokyo

Siku ya mwisho nimeiweka kwa vitu vidogo. Ukumbi wa sumo, Kokugikan, uko Ryogoku, paa pana la kijani. Tangu ulipofunguliwa mwaka 1985 mvua ya paa lile inateremshwa kwenye tangi chini ya jengo na kusafishia vyoo. Aliyesukuma wazo hilo alikuwa mtumishi wa ofisi ya afya ya wilaya, Makoto Murase, siku hizi wanamwita Daktari wa Maji ya Mvua. Wilaya yake ilikuwa inafurika maji machafu kila mvua kubwa, naye akawa anauliza kwa nini mji unalilia maji kwenye mabwawa ya milimani huku unayamwaga yanayodondoka kichwani kwake. Mabibi wa Pate na Faza, kule Lamu, wangemwelewa bila mkalimani, jabia zao za kukingia mvua zilikuwapo kabla ya bomba lolote.

Kisha nikavuka kwenda Mukojima kutafuta rojison. "Roji" ni uchochoro. "Son" ni neno la heshima. Mheshimiwa Uchochoro, tuseme. Mitaa hii ni ya nyumba za mbao zilizobanana, gari la zimamoto haliingii, na hapa hawajasahau Septemba 1923, tetemeko lilipofuatwa na moto na upande wa kusini wa Sumida ya leo ukaungua karibu wote. Kwa hiyo wakazi walichimba tangi chini ya kona, wakaunganisha mabomba kutoka mapaa ya majirani, juu wakaweka pampu ya mkono. Siku za kawaida wanamwagilia maua. Siku ya moto wanajua pa kukimbilia. Na kila tangi ni mvua ambayo haikwenda kwenye mtaro siku ile.

Niliyoipata ilikuwa kwenye kona isiyozidi upana wa kibanda cha chipsi. Pampu ya chuma, rangi imebanduka mahali mikono inaposhika. Vyungu vya maua, paka. Mzee mmoja akatoka na kopo la kumwagilia, akanitazama, akatazama pampu, akanionyesha kwa mkono: haya. Nikapampu. Mara tatu hewa tupu, mara ya nne ikakohoa, mara ya tano maji yakatoka baridi, masafi, kopo likajaa. Akainama. Nikainama.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya mtu nikafungua daftari. Mtaani kwangu, juu ya ule mtaro, kuna nyumba kama sitini za bati. Bati moja la nyumba, tuseme mita 8 kwa 10. Mvua ya milimita 50: lita 4,000, simtanki mbili za lita 2,000. Mara sitini: lita 240,000. Ni maboza 24 ya lita elfu kumi ambayo leo yanamfuata mama mmoja ndani ya dakika ishirini. Si lazima yote yakingwe. Tanki moja kwa kila nyumba, la nusu ya hapo, lenye koki ndogo chini inayoachia maji taratibu mpaka kesho yake, na wimbi linalofika kwake linapungua sana. Gata, paipu, tanki, koki. Hakuna hata kimoja kinachohitaji kuja kwa meli kutoka Japani.

Nikarekodi mlio wa pampu, nikamtumia mama wa mihogo pamoja na maelezo ya sauti ya dakika tatu, nikijikanyaga kwa sababu nilianza na kuomba radhi.

Kwetu ilikuwa saa nne asubuhi. Jibu lilikuja nikiwa bado nimekaa pale na paka. Nyuma ya sauti yake mafuta yalikuwa yanachemka.

"Nimeisikia pampu yako. Sasa hilo tenki bei gani? Na ile koki ya chini, Injinia, nani atakayeifungua, mimi au wale wa juu?"